Pakiti za kahawa Moshi mjini: punje safi, lebo imejaa namba

Tathmini hii haihusu kampuni moja. Ni ya zile pakiti za gramu 250 za arabika ya Kilimanjaro zilizojaa kwenye rafu za maduka ya Moshi mjini. Ikiwa imekaangwa karibuni, kahawa yenyewe ni nzuri: uchachu laini, haikwaruzi koo. Tatizo ni lebo, ingawa haina uongo.

"AA, mita 1,600, imeoshwa, imekaushwa juani." Sawa. Lakini AA ni ukubwa tu, punje zinazobaki juu ya chekeche la matundu ya milimita 7 hivi. Punje kubwa iliyovundikwa kupita kiasi kwenye tangi kabla ya kuoshwa itatoa harufu ya siki vilevile. Mwinuko una faida, maana baridi huchelewesha tunda kuiva na punje hukomaa vizuri. Ila hauokoi kahawa iliyokaa rafuni mwaka mzima.

Namba hizo hazisifu kahawa wala haziokoi iliyoharibika, na nguvu yao iko hapohapo. Mtu huhisi anaijua kahawa yake. Aliyekwisha kuipenda hashawishiki tena: mwambie imepoteza harufu, atakujibu, "Hii ni AA, bwana!" Hoja yako haijaguswa. Maneno kama "bora kuliko zote" angeyatilia shaka. Mita 1,600 anabishana nazo vipi? Kwa asiye na msimamo athari ni nyingine. Mwanasaikolojia Mmarekani Richard Nisbett na wenzake walionyesha mwaka 1981 kwamba taarifa zisizosaidia kuamua, zikichanganywa na zenye maana, huzipunguzia hizo zenye maana uzito. Ndivyo tarehe ya kukaangwa inavyomezwa na maelezo mengine.

Dukani anza na tarehe hiyo ya kukaangwa, wala usiichanganye na ya mwisho wa matumizi. Ndani ya wiki sita, chukua. Chagua punje nzima, kwani ya kusaga huchuja ndani ya siku chache ikishafunguliwa. Pakiti yenye kivalvu, yaani kitundu kidogo cha kutolea hewa, ibonyeze taratibu unuse.

Nyumbani pima gramu 15 kwa mililita 250 za maji. Kwa mwinuko wa Moshi maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, kwa hiyo mimina bila kusubiri, kisha acha dakika 4. Unga usipoumuka ulipoguswa na maji, kahawa ni ya zamani.

Kahawa nyota nne, lebo mbili. Muuzaji akiulizwa imekaangwa lini akajibu mita, rudisha pakiti.