Uzoefu wangu: kozi ya elfu 80, programu ya bure na kolaji ya ukoo

Nianze na hela maana ndo inayouma. Mwezi wa nane nililipa elfu 80 kwa kozi ya wiki mbili ya kuediti picha, kituo kimoja hapa Moshi mjini sitakitaja, na shida yangu ilikuwa moja tu, nitengeneze kolaji ya ukoo, yaani watu wetu wa zamani na wa sasa wote wakae kwenye picha moja na mlima Kilimanjaro nyuma yao, itundikwe kwa bibi Marangu kabla ya Krismasi maana Desemba ndo wote tunapanda nyumbani. Tulikuwa wanafunzi tisa, kompyuta nne. Wiki ya kwanza mwalimu akapitia kibonyezo kimoja kimoja, hiki kinafanya hivi, kile kinafanya vile, sisi tunaandika kwenye daftari. Wiki ya pili tukabadilisha rangi ya gari. Gari jamani! Siku ya mwisho nikamuonyesha picha ya babu nikamuuliza namtoaje kwenye lile pazia la studio, akaniambia hiyo ipo levo ya pili, elfu 120.

Nikarudi zangu soko la Memorial kuuza mitumba.

Aliyenifundisha kweli ni dogo wa steshenari ninapoprintiga stika za bei. Hakuanza na kompyuta hata. Alichukua kava mbili za plastiki zile za kubaindia ripoti, kwenye moja akachora mtu kwa maka peni, kwenye nyingine mgomba, akazipandanisha juu ya karatasi nyeupe. Akasogeza ile ya mtu. "Umeona dada, mtu kahama, mgomba hauna habari. Hii ndo leya." Aisee, wiki mbili nililisikia neno leya nikawa naitikia tu, siku hiyo dakika moja nimeelewa.

Afu akanifungulia Photopea. Hii huinstoli kitu, inafunguka ndani ya brauza, bure, hata kujisajili hawakulazimishi, matangazo yapo pembeni ila unayazoea. Kaitengeneza jamaa anaitwa Ivan Kutskir na inafungua mafaili ya PSD (yanayotunza kila leya peke yake) yaleyale ya Photoshop, ile programu ya kwenye kozi, vibonyezo navyo vimepangwa kwa kufanana, kwa hiyo lile daftari la elfu 80 angalau likapata kazi. Kitu kingine nilichokipenda, picha unazofungua zinabaki kwenye kompyuta yako, hazipandishwi kwenye seva yao, na mimi na picha za marehemu wetu hilo lilikuwa linanisumbua.

Sasa maski. Kwenye kozi tulizoeshwa ufutio, unafuta usichokitaka. Babu kwenye picha kavaa koti na kofia, mimi nikafuta pazia, nikafuta, nikasevu nikalala, kesho yake nafungua babu hana sikio. Na ukishasevu ukafunga, kurudi nyuma hakuna, sikio limeenda! Dogo akacheka sana. Akasema acha kufuta, weka maski kwenye leya, ukipaka nyeusi sehemu inajificha, ukipaka nyeupe inarudi, kijivu inakaa nusunusu. Yaani hujaharibu kitu, umefunika tu. Ile kofia peke yake nilikaa nayo saa zima, nimekuza picha mpaka naona vile vimraba vya pikseli, napaka nyeusi, nimezidisha, nageuza nyeupe, narudisha, na pale shingoni ambapo pazia na kola vina rangi moja ikabidi nikisie tu. Mgongo uliuma ila nilikuwa natabasamu peke yangu kama chizi.

Kuhusu ukubwa sikilizeni vizuri maana mimi nilirudia kazi yote. Mara ya kwanza nilifungua ukurasa mdogo wa saizi ya simu, kwenye kioo kitu kinawaka, kuprinti A3 sura zote ukungu. A3 ya pikseli 300 kwa inchi inatakiwa iwe 3508 kwa 4961, unaiweka mwanzoni kabisa kabla hujaweka picha hata moja, ukija kuvuta baadaye unavuta ukungu. Na picha ndogo za studio skani kwa pikseli 600 kwa inchi, usipige na simu. Zile za kwenye grupu la familia zimeshabanwa, mwambie mwenye nayo akutumie kama dokumenti.

Halafu sevu. Umeme ulikatika saa tatu usiku, laptopu yangu betri ilishakufa kitambo inaishi kwa waya, na sikuwa nimesevu tangu saa kumi na mbili. Sina wa kumlaumu. Siku bando limeisha natumia GIMP, nayo ni ya bure, ipo tangu miaka ya 90, waliianzisha wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley kule Marekani, yenyewe ukishaiinstoli haihitaji intaneti kabisa. Ila kwa anayeanza naona Photopea inaeleweka haraka, hayo ni maoni yangu.

Kilichonitesa kuliko vyote ni mwanga. Mlima niliupiga mwenyewe juu ya paa la nyumba saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla mawingu hayajaufunika, jua linatoka kulia. Babu studio alimulikwa taa ya kushoto. Ukiwaweka pamoja huwezi kusema kosa liko wapi ila unaona kabisa huyu mtu kabandikwa. Nikajiona mjanja, nikaugeuza mlima kama kwenye kioo, mwanga ukahamia kushoto, safi. Dogo akaangalia akanyamaza, akaangalia tena. "Dada, sisi tumehamia Kenya lini?" Kumbe kile kilele cha Mawenzi kimeenda kushoto kama anavyouona mlima mtu wa Kenya, na ukiwa Moshi Mawenzi iko kulia, Mchaga gani atakusamehe hiyo! Nikamgeuza shangazi badala yake, maandishi ya kanga yake yakasomeka kinyumenyume. Basi nikaacha kugeuza watu, nikafungua leya mpya, modi ya Multiply (inatia giza kilicho chini yake), brashi laini nyeusi uzito asilimia 15, nikawa nampaka babu giza upande wa kushoto taratibu, na kivuli cha miguuni nikakilaza kwenda kushoto kwa watu wote. Hapo ndo wakasimama chini, mwanzo walikuwa wanaelea kama malaika.

Je ningelipia kozi tena? Ile hapana. Kama unaye mtu wa kumuuliza mara mbili tatu kwa wiki, kaa na Photopea na picha unazozipenda kweli, maana picha ya gari la mtu sidhani ingenikalisha saa zima kwa ajili ya kofia.

Jumapili nimeipandisha Marangu ikiwa kwenye fremu. Bibi akavaa miwani, akaigusa kioo, akamtaja mmoja mmoja, akakaa kwa babu muda mrefu bila kusema kitu. Vivuli hata hakuviona. Afu akanigeukia: "Nzuri mwanangu. Ila mimi mbona mmeniweka nyuma ya wifi yangu?"

Ni kweli, leya ya wifi yake ilikuwa juu. Bahati PSD ninayo, sikusevu JPEG peke yake, nikaburuta leya ya bibi ikapanda, kazi ya sekunde mbili. Kuprinti upya elfu tano nyingine.