Msako wa Hazina kwa Kamera: Vidokezo Vizuri, Uhakiki Wenye Kasoro

Nilijiandikisha katika msako huu nikiwa na shaka, kwa sababu ule niliowahi kushiriki kabla yake ulikuwa orodha tu ya vitu vya kupigwa picha: mlango mwekundu, ndege, baiskeli. Orodha ya namna hiyo humgeuza mpiga picha kuwa karani wa kutia alama ya vema, wala haimlazimishi kutazama. Huu wa sasa ulikuwa na dhamira moja, "Wakati", na vidokezo vyake vingi vilitegwa kama vitendawili. Nauandikia tathmini kwa ajili ya vidokezo hivyo, ingawa sikuridhishwa na kila kitu.

Kikundi chetu kilikuwa cha watu watatu, tukapewa vidokezo 12 na saa tatu za kuvitegua. Cha kwanza kilisema, "Asubuhi mrefu, adhuhuri mfupi, gizani hayupo." Kutambua kwamba ni kivuli hakukuhitaji werevu mkubwa, kazi ilikuwa katika sharti lililoambatana nacho, kwamba mtazamaji aweze kukisia ni wakati gani wa siku bila kuonyeshwa saa. Vikundi vilivyokiahirisha kidokezo hicho vilijuta, kwani kadiri jua lilivyopanda ndivyo vivuli vilivyofupika, na ile mistari mirefu ya asubuhi iliyokuwa imelala uwanjani ikatoweka.

Kidokezo kilichonipendeza kuliko vyote kilikuwa "Kimesimama, lakini kinakwenda." Tulikimbilia chemchemi ya bustani tukitaka maji yaonekane kama ukungu, lakini jua lilikuwa kali: hata baada ya kushusha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 100 na kubana tundu la lenzi linalopitisha mwanga hadi f/22, yaani dogo sana, kamera haikuweza kupokea mwanga kwa zaidi ya takriban sekunde 1/50 bila picha kuwa nyeupe mno, nao ukungu tuliouhitaji hauji kwa kasi hiyo. Baada ya kupoteza karibu dakika ishirini tukahamia kwenye ngazi zenye kivuli, tukaiegemeza kamera kwenye ukingo, kwa kuwa tripodi, yaani stendi za miguu mitatu, zilikatazwa, na kupiga kwa robo sekunde huku mmoja wetu akisimama kimya na wapita njia wakimpita kama moshi. Mwenzetu alikumbusha picha ya barabara ya Paris iliyopigwa na Louis Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, mwaka 1838, ambapo upigaji ulichukua dakika kadhaa, magari ya farasi na watembeao wakapotea, akabaki mtu aliyesimama kung'arishiwa viatu. Sikutarajia mchezo wa asubuhi moja utufikishe huko.

Si vidokezo vyote vilivyofikia kiwango hicho. "Nina mishale, lakini siwindi" kilikuwa chepesi mno, na matokeo yake karibu kila kikundi kilileta picha ya saa ileile kubwa ya ukutani, tena kutoka pembe ileile. Aidha, wenye simu walishindanishwa na wenye kamera katika kundi moja. Simu nyingi haziruhusu kubadili upana wa tundu la lenzi, kwa hiyo katika kidokezo cha mwendo walikuwa wanyonge, ingawa ni haki kusema kwamba kwingineko walitupita kwa wepesi.

Lawama yangu kubwa inahusu uhakiki. Waandaaji walithibitisha kwamba picha zimepigwa ndani ya muda uliowekwa kwa kusoma saa na tarehe ambazo kamera huzihifadhi ndani ya faili. Njia hiyo ni nzuri iwapo saa ya kamera ni sahihi. Yetu ilikuwa nyuma kwa saa moja, na picha mbili tulizopiga mwanzoni zikakataliwa kwa madai kwamba zilipigwa kabla ya kipenga. Ni kweli kwamba kurekebisha saa lilikuwa jukumu letu. Hata hivyo, kanuni zilizotumwa hazikulitaja jambo hilo hata kwa sentensi moja, na maelezo yetu yalisikilizwa kwa adabu lakini hayakubadilisha uamuzi. Ingetosha kila kikundi kuamriwa kupiga picha ya kwanza ya saa ya mwandaaji, ili tofauti yoyote ijulikane na kuhesabiwa.

Kanuni mbili ninazisifu bila kusita: sura ya mtu inayotambulika haikukubaliwa pasipo ridhaa yake, na picha haikuruhusiwa kuhaririwa zaidi ya kupunguzwa kingo. Kanuni hizo mbili zilitulazimisha kuzungumza na watu na kupanga picha kabla ya kubonyeza.

Ningeshiriki tena, hasa kama mtunzi wa vidokezo atakuwa yuleyule. Anayekusudia kujiunga abebe betri ya akiba, kwani yetu ilizima tukiwa kwenye kidokezo cha kumi, na arekebishe saa ya kamera usiku wa kuamkia msako.