Uzoefu wangu: ziara ya kaburi la Koitalel, Nandi Hills

Kampuni niliyosafiri nayo kutoka Kisumu hutoza nauli, chakula cha mchana na kiingilio kwa pamoja, na kuhusu usafiri sina lalamiko: gari lilikuwa safi, na dereva alipanda mlima kutoka mashamba ya miwa ya Chemelil hadi kwenye majani chai bila papara. Ninaloandikia ni jinsi tulivyoongozwa baada ya kushuka garini, kwenye makumbusho ya Koitalel arap Samoei.

Koitalel, Orkoiyot (yaani kiongozi wa kiroho) wa Wanandi wa Kenya, aliongoza upinzani dhidi ya Waingereza na reli yao kwa takribani miaka kumi, mpaka tarehe 19 Oktoba 1905 alipoitwa kwenye mazungumzo ya amani akapigwa risasi na Richard Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Waingereza, na wenzake waliofuatana naye wakauawa. Kiongozi wetu aliyajua hayo yote na aliyasimulia vizuri. Kisha akawachagua wageni wawili, mmoja awe Koitalel na wa pili awe yule Mwingereza, akawapanga wapeane mikono, akamwambia wa pili anyooshe kidole kama bastola, na wengine wakatoa simu wapige picha huku wakicheka. Mzee mmoja wa pale, aliyekuwa akisubiri kutusalimu, alivaa kofia yake akaondoka.

Sipingi watalii kufika mahali kama hapa. Bila wao, wengi wetu tungemjua Koitalel kwa mistari michache ya kitabu cha shule. Lakini kwa wenyewe msiba huu haujaisha. Wanandi wanasema kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na wamekuwa wakidai kirudishwe. Kilichorudi, mwaka 2006, ni fimbo zake tatu. Meinertzhagen alichunguzwa mara tatu na kila mara akaondolewa lawama. Mbele ya watu ambao bado wanadai kichwa cha mtu wao, igizo lile lilikuwa sawa na kucheka matangani, na hakuna maelezo ya historia, hata yakiwa sahihi namna gani, yanayoweza kulifidia.

Nilipouliza ni kiasi gani cha fedha zetu kinachobaki Nandi Hills, nilijibiwa kwamba ni kiingilio tu. Hata chakula kilibebwa kutoka Kisumu, ilhali hoteli za mjini pale zilikuwa wazi, nasi tulikuwa tumelipia simulizi ya watu wa pale.

Niliwaandikia wenye kampuni nikiwaomba waliondoe igizo hilo na wamwajiri msimulizi mkaazi kwa malipo ya haki. Walinijibu kwa adabu kwamba wageni hulipenda. Kwa hiyo siwezi kuipendekeza ziara hii ilivyo sasa. Anayetaka kwenda apande matatu hadi Nandi Hills, aombe msimulizi wa pale pale, na amwombe ruhusa kabla ya kupiga picha.