Chanzo cha muziki cha bei nafuu kwa redio ya pili nyumbani: uzoefu wangu

Redio ya pili ya nyumbani haihitaji chombo cha gharama kubwa cha kuipigia muziki. Yangu inapigiwa na simu ya zamani ya Android yenye ufa kwenye kioo, memori kadi ya GB 32 na waya wa shilingi 6,000. Kabla ya kutulia hapo nilijaribu vitu vingine kadhaa, na kwa kuwa najua wengi wana amplifaya nzuri za zamani zimekaa kabatini kwa kukosa cha kuchomeka, nitaeleza kila kimoja kilivyonifaa na kilivyonishinda.

Redio kubwa ya kwetu iko sebuleni na ni ya watu wote. Hii ninayoizungumzia iko chumba cha nyuma, hapa Tanga, ninaposhonea nguo. Ni amplifaya ya mtumba kutoka Japani na spika mbili ndogo za mbao za kukaa kwenye rafu. Umeme wa Japani ni volti 100 na wetu ni 230, kwa hiyo inapitia kwenye transfoma ya kushusha umeme. Ukinunua ya namna hii, soma kibandiko cha nyuma kabla hujaichomeka ukutani, maana fundi hawezi kukurudishia kilichoungua. Haina Bluetooth wala tundu la flashi. Nyuma kuna matundu mekundu na meupe tu, yameandikwa PHONO, TUNER, CD na TAPE.

Mchana kutwa mikono yangu iko kwenye kitambaa. Nataka nibonyeze mara moja, muziki uende saa mbili tatu bila kuguswa, na umeme ukikatika na kurudi nisianze kutafuta nilipoishia. Halafu ninachosikiliza zaidi ni taarab ya zamani, ile ya ala za kanuni, fidla na gambusi, na muziki huo haufichi ubovu wa chombo. Nyuzi za kanuni zina mlio mwembamba wa juu unaochelewa kufa. Chombo kikiukata mlio huo, unabaki unasikia vidole vinagonga tu.

Redio ya kawaida, yaani FM, ningeipenda iwe chanzo changu cha kwanza kwa sababu haina gharama kabisa. Lakini cherehani yangu ina mota, na kila nikikanyaga pedeli mikwaruzo inaingia kwenye matangazo. Taarifa ya habari naisikiliza nikiwa napiga pasi, basi.

Kitu kinachouzwa sana madukani ni kile kibao chenye tundu la flashi, tundu la memori kadi, FM na taa za namba, ambacho fundi anaweza kukufungia ndani ya amplifaya au ukakinunua kikiwa kwenye kijisanduku chake. Ni rahisi mno, na kina rimoti. Kwa mtu anayetaka muziki wa kuchangamsha duka, kinatosha. Kwangu kilishindwa mambo mawili. Kwanza, kulikuwa na mlio wa chini kwa chini, shhh, unaosikika kila wimbo ukitulia, na taarab ina utulivu mwingi kati ya beti. Pili ni mpangilio. Vibao vingi vya namna hii havipangi nyimbo kwa majina. Vinafuata utaratibu ambao mafaili yaliingia kwenye flashi. Ukinakili folda nzima kwa pamoja, wimbo wa saba unaweza kuanza kabla ya wa kwanza. Dawa yake ni kuifuta flashi kisha kunakili faili mojamoja kwa zamu unayoitaka. Nilifanya hivyo na inafanya kazi, ila kila ukiongeza wimbo mpya katikati unarudia kazi yote.

Deki ya DVD ndiyo iliyonishangaza. Karibu kila nyumba ina deki moja haina kazi tangu watu wahamie kwenye simu na ving'amuzi. Ikiwa bado inasoma, hiyo ni mashine ya CD iliyokamilika: matundu yake mekundu na meupe yanatoa mawimbi ya nguvu, kwa kawaida karibu volti 2, na amplifaya inayapokea vizuri kabisa. CD ya dukani inapiga bila televisheni. Unaiingiza, unabonyeza, inaenda. Sauti ya kanuni kwenye deki ile ilikuwa safi kuliko chochote nilichokuwa nimekijaribu hadi hapo. Kasoro yake ni kwamba ukiweka diski ya MP3 yenye folda nyingi, huwezi kuchagua bila kuona kioo, na mimi sina televisheni chumba cha kushonea. Hewa yetu ya pwani nayo haina huruma na lenzi za deki. Mwenye CD zake nzuri, hata hivyo, asihangaike na mengine: atafute deki, aifute vumbi, aunganishe.

Kipokezi cha Bluetooth nilikinunua kwa shilingi 15,000. Ni kijidude kidogo kinachochomekwa kwenye chaja kwa upande mmoja na kwenye amplifaya kwa upande mwingine, kisha simu yoyote ndani ya chumba inatuma muziki bila waya. Watu hukilaumu kwamba kinaharibu sauti. Vipokezi vya bei ya chini mara nyingi hutumia ubanaji wa sauti uitwao SBC, ambao kwa kawaida hufika kilobiti 328 kwa sekunde. CD ni kilobiti 1,411. Nikikaa kimya mbele ya spika nasikia tofauti kwenye fidla, hasa zinapokuwa nyingi. Nikiwa nashona siisikii. Kilichonikera zaidi ni kelele ya chaja: kipokezi kikichomekwa kwenye chaja ya bei rahisi, spika zinatoa mlio kama wa mbu. Nilipokihamishia kwenye chaja nzuri ya simu, mlio ulipungua sana. Jambo jingine ni kwamba kilikubali simu yoyote bila namba ya siri, hata ya kijana wa nyumba ya pili. Bado ninacho, kimekaa kwenye tundu la TAPE kwa ajili ya wateja wanaotaka kunisikilizisha wimbo wao wakisubiri kupimwa.

Sasa simu. Hii ninayotumia iliacha kupokea programu mpya zamani, na kwa kupigia watu haifai tena. Lakini ina tundu la hedifoni, nafasi ya memori kadi na betri inayoshika chaji. Vitu hivyo vitatu ndivyo vya kuangalia unapochagua simu ya kazi hii. Ufa wa kioo hauna madhara. Waya unaohitajika una pini moja ya milimita 3.5 upande wa simu na pini mbili, nyekundu na nyeupe, upande wa amplifaya. Zichomeke kwenye CD au TAPE. PHONO usiiguse: tundu hilo ni la santuri, ambayo sindano yake hutoa milivolti chache tu, kwa hiyo amplifaya inakuza mawimbi yake mara mia na zaidi na kuongeza besi kwa utaratibu maalumu wa santuri. Ukichomeka simu hapo utasikia muziki umevurugika na kunguruma, na utadhani simu ndiyo mbovu.

Laini nimeitoa na simu iko kwenye hali ya ndege, hivyo hakuna mlio wa ujumbe unaokatiza wimbo. Zile programu za kuongeza besi na kupanua sauti nimezizima zote. Sauti ya simu naipandisha karibu na mwisho, kisha napunguza au kuongeza kwa kitufe cha amplifaya. Watu wengi hufanya kinyume, wanaiacha simu chini na kukaza amplifaya, na hapo wanakuza kelele pamoja na muziki. Simu inatoa mawimbi madogo kuliko deki ya DVD, kwa hiyo kitufe cha amplifaya kitakaa juu kidogo kuliko ulivyozoea, wala hakuna ubaya.

Muziki napigia programu ya VLC, ambayo ni ya bure, inasoma mafaili ya MP3 na FLAC, na inapanga folda kwa majina kama nilivyoziandika. MP3 ya kilobiti 320 hula MB 2.4 kwa dakika, maana yake memori kadi ya GB 32 inabeba zaidi ya saa 200. CD zangu chache nimezihifadhi kwa FLAC, ambayo haipotezi kitu, ila faili zake hufikia mara mbili ya hizo au zaidi. Kwa nafasi niliyonayo sijawahi kubanwa.

Umeme ukikatika, amplifaya inazimika lakini simu inaendelea. Naigusa mara moja kuisimamisha, na umeme ukirudi naanzia palepale. Hakuna chombo kingine katika hivi nilivyovitaja kilichonipa hilo. Pia simu ikipiga kwa betri yake, bila chaja, spika zinakuwa kimya kabisa kati ya nyimbo. Chaja ikichomekwa mvumo unaingia, kwa hiyo naichaji usiku. Kama lazima upige huku unachaji, madukani kuna kijisanduku kidogo cha kuweka katikati ya waya, chenye transfoma mbili ndogo ndani, kinachotenganisha ardhi (ethi) ya chaja na ya amplifaya. Kwa mvumo wa aina hiyo kinasaidia.

Muziki wa mtandaoni niliupima kwa bando. Spotify ilifunguliwa Tanzania Februari 2021, Boomplay ilikuwepo kabla yake, na zote zinakuruhusu kupakua nyimbo ukilipia. Kusikiliza moja kwa moja kwa kilobiti 320 kunakula kama MB 144 kwa saa, na mimi nashona saa nane kwa siku. Kwa hiyo napakua, nikikumbuka kwamba Spotify inataka uingie mtandaoni walau mara moja kila siku 30, la sivyo ulichopakua hakipigi. Mafaili yangu mwenyewe hayana sharti hilo.

Wapo watakaosema nitafute Chromecast Audio, kile kiduara cha Google kilichotoka mwaka 2015 kwa dola 35. Kilikuwa kizuri na bei yake ilikuwa ya haki, lakini waliacha kukitengeneza Januari 2019, na Machi 2025 vilivyobaki duniani viligoma kwa siku kadhaa kwa sababu cheti chake cha usalama kilikwisha muda, hadi Google waliporekebisha. Nyumbani kwetu waifai ni ya kuwashwa kwa simu ya mtu. Siwezi kutegemea kitu kinachosubiri mtandao ndipo kipige. Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, nayo inasifiwa, na ukiiongezea kadi ya sauti na programu kama Volumio inakuwa chombo cha heshima. Ila inaendeshwa na kadi ya kumbukumbu, na umeme unaokatika ghafla huweza kuiharibu kadi hiyo. Kwa mwenye betri ya akiba au sola, na anayependa kazi ya kuipanga, ningemwambia ajaribu.

Jicho langu sasa liko kwenye betri. Simu iliyozeeka haipendi kuachwa kwenye chaja siku nzima, hasa katika joto letu la Januari, na betri ikianza kuvimba, kifuniko huinuka. Kila wiki nakipitishia kidole. Fundi wa simu ameshaniambia betri mpya ya aina hii bado inapatikana Kariakoo, na nimemwachia oda aniletee moja safari yake ijayo ya Dar.