Saa Mbili Ndani ya Gallardo ya Valentino Balboni

Mimi ni fundi wa magari hapa Nakuru, na nieleze tangu mwanzo kwamba gari ninalolizungumzia silimiliki wala sitalimiliki. Hata kama ningepata fedha, Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ambalo limepitisha miaka 8, wala haisajili gari lenye usukani wa kushoto kwa mtu wa kawaida kama mimi, na hili nililopewa lilikuwa na kasoro zote mbili. Nililiendesha Italia, kwenye milima iliyo kusini mwa Modena, mwezi wa Oktoba, nilipokwenda kumtembelea dada yangu na mumewe wanaoishi Bologna. Shemeji ndiye aliyelipa, na kwa kuwa malipo ya kulikodi kwa saa mbili yalikaribia kodi ya karakana yangu ya miezi mitatu, naona anastahili kupata maelezo ya makini kuhusu kile alichokinunua.

Gari lenyewe ni Lamborghini Gallardo LP 550-2 Valentino Balboni, toleo maalumu la mwaka 2009 ambalo yalitengenezwa magari 250 tu. Herufi LP zinaeleza kwamba injini iko nyuma ya dereva, imelazwa kufuata urefu wa gari. 550 ni nguvu za farasi kwa kipimo cha Ulaya. Na ile 2 ya mwisho ndiyo iliyonitoa Bologna asubuhi na mapema, kwa sababu ina maana kwamba ni magurudumu mawili ya nyuma pekee yanayosukuma. Gallardo za kawaida zilizotangulia, tangu mwaka 2003, zilisukumwa na magurudumu yote manne. Jina lake ni la mzee aliyeingia katika kiwanda cha Lamborghini kilichoko Sant'Agata Bolognese mwaka 1968 akiwa mwanagenzi wa ufundi, akawa dereva wa majaribio mwaka 1973, na akaendelea kuyapima magari ya kampuni hiyo mpaka alipostaafu mwaka 2008. Yeye alipenda gari linalosukumwa kwa nyuma, na kampuni ikatoa moja la namna hiyo kwa heshima yake. Magari mengi ya Lamborghini hupewa majina ya mafahali. Hili kupewa jina la mtu aliyeanza kwa kushika spana kulinigusa kuliko ule mstari mweupe wenye kingo za dhahabu unaopita juu yake kutoka boneti hadi mkiani, ambao kwa macho yangu unafanana na utepe wa kufungia zawadi.

Lazima niseme nilikotoka, maana mtu hulipima gari jipya kwa gari analolijua. Baba yangu na marehemu amu yangu waliendesha Peugeot 504 za abiria, zile ndefu zenye safu mbili za viti vya nyuma, kati ya Nakuru na Kisumu kupitia Mau Summit na Kericho, kabla matatu za abiria 14 hazijazisukuma nje ya barabara. Mimi nilijifunza udereva kwenye gari hilohilo, katika matope ya njia ya Mau Narok, na ndiyo sababu mpaka leo naamini kwamba asiyewahi kulidhibiti gari linalosukumwa kwa nyuma kwenye utelezi hajajua kazi ya mguu wa kulia. Baba hakosi kumkumbusha kila mgeni kwamba mwaka 1975 Ove Andersson alishinda Safari Rally kwa Peugeot 504, na Lancia Stratos ya Sandro Munari, gari la Italia lenye injini katikati na lililosukumwa kwa nyuma kama hili la kwangu, ikaja ya pili. Kwa hiyo nilipanda Balboni nikiwa na deni la heshima kwa Peugeot, gari la Mfaransa.

Dakika ishirini za mwanzo hazikunifurahisha. Paa liko chini, kiti ni kigumu, kioo cha nyuma kinaonyesha zaidi kifuniko cha injini kuliko barabara, na mkono wangu wa kushoto uliokuwa ukitafuta gia kwa mazoea ya nyumbani uligonga mlango mara tatu. Gia haikuwapo popote pa kushikwa. Gari hili liliuzwa ama na gia ya mkono ya hatua sita au na mfumo uitwao e-gear, ambao una klachi moja ileile ya kawaida lakini hubonyezwa na mashine badala ya mguu, na dereva hubadilisha gia kwa vibao viwili vilivyo nyuma ya usukani. Langu lilikuwa la e-gear. Katika mitaa ya Maranello, kwenye msongamano wa asubuhi, lilikuwa likiruka na kutingisha vichwa vyetu kila lilipotoka gia ya kwanza kwenda ya pili, kama mwanafunzi wa udereva anayeachia klachi kwa hofu. Mwalimu wa kampuni ya kukodisha aliyeketi kando yangu alinionyesha kwamba ukilegeza mguu kidogo wakati wa kubadilisha, mruko hupungua; ni kweli, lakini kuna kichekesho katika kununua mashine ya kukuondolea kazi ya klachi kisha kufundishwa jinsi ya kuisaidia.

Mambo yalibadilika tulipoanza kupanda kutoka Maranello kuelekea Serramazzoni. Barabara hiyo inapinda na kupinda tena kati ya mashamba na miti, ina lami nzuri lakini yenye viraka, na upana wake ungemfanya dereva wa lori la Salgaa akae kimya. Hapo ndipo nilipoelewa kilichofanyika chini ya gari. Kwa kuondoa difu ya mbele na shafti zake, yaani vyuma vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele, wahandisi walipunguza uzito kwa kilo 30 ikilinganishwa na LP 560-4, ndugu yake anayesukumwa na magurudumu manne, likabaki na kilo 1,380 bila vimiminika. Lakini kilo hizo si jambo kubwa. Jambo kubwa ni kwamba magurudumu ya mbele yameachiwa kazi moja tu, kuongoza. Usukani hauvutwi na nguvu ya injini unapokanyaga mafuta ndani ya kona, na kila kiraka cha lami, kila mchanga mdogo uliomwagwa na trekta, nilikuwa nikiupata viganjani kabla macho hayajauona. Nimeendesha magari ya wateja wangu ya Subaru yanayosukumwa na magurudumu manne, nayapenda, na katika mvua ya Molo sitaki lingine. Lakini huko unakanyaga na gari linajipangia lenyewe. Hapa unakata kona kwa hatua: breki ukiwa bado umenyooka, kisha usukani, kisha subira fupi, halafu mafuta taratibu kadiri unavyouachia usukani urudi. Ukifuata mpangilio huo, sehemu ya nyuma inajikalia barabarani kama mtu mnene aliyeketi vizuri na kulisukuma gari nje ya kona kwa nguvu ambayo sikuwahi kuijua.

Kushika barabara kwa namna hiyo hakukunishangaza sana. Peugeot ya baba ilipokuwa tupu, mkia wake ulichezacheza hata kwa mzaha. Ilipobeba watu tisa na magunia ya viazi nyuma, ilipanda matope ambayo magari mengine yaliyashindwa, kwa sababu uzito ulikuwa juu ya magurudumu yanayosukuma. Gallardo ina mzigo huo siku zote, nao ni injini. Tofauti ni kwamba Peugeot, yenye injini puani, ilipoteleza iliteleza polepole, ukapata muda wa kuomba msamaha. Gari lenye injini nyuma ya mgongo wako linashikilia kwa muda mrefu zaidi, na likiachia linaachia kwa haraka, kwa kuwa uzito wake umekusanyika karibu na kitovu chake na hauhitaji nguvu nyingi kuzungushwa. Mwalimu alinionya jambo moja tu kwa msisitizo: nikishaingia ndani ya kona kwa kasi, nisiondoe mguu ghafla kwenye mafuta, kwa maana uzito utakimbilia mbele, magurudumu ya nyuma yatakuwa mepesi, na mkia utataka kunipita.

Karibu na Serramazzoni yalianza manyunyu. Gari lina mfumo wa kielektroniki wa kuzuia kuteleza, na pia mpangilio uitwao Corsa unaouruhusu mkia utoke kidogo kabla mfumo haujaingilia kati. Tulikuwa katika Corsa, kwenye kona kali ya kupanda, gia ya pili, nikakanyaga mafuta mapema kuliko nilivyopaswa. Mkia ulitoka kama shubiri moja. Mikono yangu iligeuza usukani upande wa pili kabla sijafikiri lolote, mguu ukabaki palepale, gari likanyooka, nasi tukaendelea. Mwalimu aliuliza nilikojifunzia. Nilimjibu, kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga, kwamba ni kwenye Peugeot, naye akacheka kwa sauti. Sikumweleza kuhusu mwaka 1975.

Injini inastahili aya yake. Ina silinda 10 katika safu mbili zilizotanuka kwa nyuzi 90, ujazo wa lita 5.2, na hutoa nguvu yake yote kwenye mizunguko 8,000 kwa dakika. Katika injini ya awali ya Gallardo ya lita 5.0, shingo za krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, ziligawanywa ili milipuko ya silinda ifuatane kwa nafasi sawa. Katika hii ya lita 5.2 mgawanyo huo uliachwa, milipuko haina nafasi sawa, na ndiyo maana ikiwa chini inakoroma kwa mikwaruzo kama kinu cha posho. Ikipita mizunguko 5,000 mkwaruzo hugeuka kuwa mlio mmoja unaopanda, na hapo niliacha kuutazama mshale wa spidi, ambao kiwanda kinasema unaweza kufika kilomita 320 kwa saa na ambao kwenye barabara ile haukunihusu. Breki ni nzuri, sina la kuongeza.

Sikushawishika na habari ya uhaba. Pembeni mwa dirisha la dereva kuna kibati chenye saini ya Balboni na namba ya gari katika ile idadi ya 250, na wenye magari hayo hukitaja kwanza kabla ya kutaja injini. Lakini haukupita muda mrefu kampuni ikaanza kuuza LP 550-2 ya kawaida, yenye injini ileile na usukumaji uleule wa nyuma, bila mstari na bila saini. Kama ningekuwa na uwezo, ningetafuta hiyo, yenye gia ya mkono, na fedha iliyobaki ingenitosha kununua matairi, kwa sababu yale ya nyuma yana upana wa milimita 295 na nguvu hii haiyahurumii.

Kuhusu kampuni iliyotukodisha nina lalamiko moja. Wakati wa kurudisha gari niliambiwa nilirudishe nyuma kwenye mteremko wa kuingilia yadi yao, kwa kupanda, jambo ambalo e-gear hulifanya kwa kuisugua klachi, na harufu yake ilijaa ndani. Siku mbili baadaye shemeji alikatwa sehemu ya amana kwa madai ya uchakavu wa klachi. Kompyuta ya gari hili inaweza kusoma kiasi ambacho klachi imelika. Hawakutuonyesha kipimo kabla ya safari wala baada yake. Anayekusudia kukodisha gari lolote la e-gear aombe asomewe kipimo hicho na akipige picha kabla hajaketi, na akatae kwa heshima ombi lolote la kurudi nyuma kwenye mlima.

Niliporudi Nakuru nilimwonyesha baba picha. Alizitazama moja baada ya nyingine, akaikuza ile ya mbele iliyoonyesha boneti ikiwa wazi na kishimo kidogo cha kuwekea mkoba, akauliza mizigo ya abiria inakaa wapi. Nikamwambia abiria ni mmoja. Akanirudishia simu, akasema, "Basi usafiri wa Kisumu hapo hakuna."