Uzoefu wangu: nimetoa pointi kwenye Beetle nikaweka moduli ya elektroniki

Wenye magari ya zamani mnajua hii mada haijawahi kuisha. Wakikutana watu watatu tu na boneti ikafunguliwa, haichukui muda lazima mmoja aulize "hii bado iko na pointi au ulishaweka elektroniki?" na hapo ndo ubishi unaanza mpaka giza linaingia. Kwa asiyejua, pointi ni kaswichi ndani ya distributa (kifaa kinachogawia plagi za injini umeme kwa zamu), zikifunguka zinakata umeme wa koili (inayokuza umeme wa betri) na plagi inapiga cheche; moduli ya elektroniki inafanya kazi hiyo hiyo bila vyuma kugusana. Mimi nimeshatumia zote mbili vya kutosha sasa, so acha niandike nilivyoona, ya uzuri na ya ubaya. Seti nimenunua kwa hela yangu, sijapewa na mtu, na kampuni siitaji kwa sababu hizi za kuingia ndani ya distributa zinatengenezwa na wengi na zinafanana sana, kwa hiyo ninachosema hapa nadhani kitamsaidia hata alienunua nyingine.

Gari ni Beetle 1500 ya 1969, 12 volti, distributa ni Bosch 009 niliyoikuta nayo. Bodi ilishamaliziwa zamani, sakafu ilikuwa imeoza pale chini ya betri kama kawaida yao (betri ya Beetle inakaa chini ya siti ya nyuma, asidi ikivuja inakula bati kimya kimya, kama una Beetle na hujawahi kuinua hiyo siti nenda kainue leo). Injini iko vizuri, valvu nimeset 0.15 mm ikiwa baridi, kabureta safi. Yaani sikuwa natafuta dawa ya injini mbovu, hilo mlishike maana nitalirudia huko chini.

Pointi zenyewe sina ugomvi nazo kabisa. Ni kitu chepesi, unafungua kofia, unatoa rota (kale kanakozunguka ndani kugawa cheche), unapima nafasi kwa fila geji (kibati chembamba cha kupimia) ya 0.4 mm, unakaza skrubu, umemaliza. Lakini piga hesabu: injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi zinafunguka na kufunga mara 6,000 kwenye hiyo dakika moja. Kila zikifunguka kuna kacheche kadogo kanaruka katikati. Ukizitoa baada ya muda ukaziangalia kwenye mwanga utaona upande mmoja umeota kichuguu na upande wa pili umechimbika shimo, na kale kakisigino kanakosugua shafti kanaisha taratibu, nafasi inapungua, taimingi (wakati wa kupiga cheche) inarudi nyuma bila wewe kujua. Gari linakuwa zito kidogo kidogo, unalizoea, siku ukiset upya ndo unashtuka kumbe lilikuwa linaweza kukimbia hivi.

Hiyo naivumilia. Kilichonichosha mimi ni kondensa (kale kanakopunguza kacheche ka kwenye pointi). Wenzangu mtanielewa, hizi kondensa za siku hizi ni janga. Unaweka mpya kabisa kutoka kwenye boksi, gari linawaka vizuri, unaenda, injini ikishapata moto wa kutosha inaanza kumisi, mara inakohoa, mara inazima kabisa. Unakaa pembeni ya barabara, ikipoa inawaka kama hakuna kilichotokea, unaendelea na safari, ikipata moto tena mchezo ule ule. Mtu ambaye hajui atahangaika na pampu ya mafuta, atasafisha kabureta, atabadilisha koili, kumbe kosa liko kwenye kale kakopo kadogo kalikofungwa ubavuni mwa distributa. Imefika mahali watu wanavua kondensa za zamani kwenye distributa zilizotupwa na kuziweka kwenye magari yao, na zinafanya kazi kuliko mpya! Hapo ndo nikasema basi, ngoja nijaribu elektroniki.

Ndani ya seti kuna vitu vichache: moduli yenyewe, kapete kadogo kenye sumaku kanakovaa kwenye shafti chini ya rota, skrubu, na karatasi ya maelekezo ambayo nitaisema baadae. Moduli ina waya mbili, nyekundu na nyeusi. Nyekundu inaenda chanya ya koili (ile iliyoandikwa 15 kwa mfumo wa Kijerumani), nyeusi inaenda hasi (iliyoandikwa 1). Msikosee hapo, ukigeuza moduli inaungua papo hapo na hakuna wa kukurudishia.

Kufunga ni rahisi kweli. Nilitoa waya wa betri kwanza, nikazungusha injini mpaka mkato wa puli ukakaa sawa na mstari unaogawa nyumba ya injini mara mbili, rota ikawa inaelekea kwenye alama ndogo iliyokatwa kwenye mdomo wa distributa, maana yake silinda namba 1 iko tayari kuchoma. Nikatoa pointi (bisibisi yenye sumaku jamani, hako kaskrubu kakidondokea ndani ya distributa utaing'oa yote), nikatoa kondensa na waya wake, moduli ikakaa kwenye tundu lile lile la pointi, waya zikapita kwenye raba pale kondensa ilipokuwa inapitishia. Pete ikaingia kwenye shafti kwa kusukuma na dole gumba.

Sasa hapa angalieni. Ukirudisha rota haishuki mpaka chini kama zamani, inakaa juu kidogo kwa sababu ya ile pete. Kwangu kofia ilifunga vizuri, lakini usiibane na klipu zake kabla hujaizungusha injini kwa mkono na kusikiliza, kama rota inagusa ndani ya kofia utasikia inakwaruza. Mwenzetu mmoja yake ilikuwa inagusa kabisa, kubadilisha rota ya kampuni nyingine kukamaliza tatizo.

Afu kuna umeme. Hii ndo sehemu ambayo karatasi ya maelekezo haisemi kitu na ndo inayofanya watu wengi waseme elektroniki ni takataka. Kwenye Beetle umeme wa koili unasafiri sana: unatoka kwenye betri kule nyuma, unaenda mbele mpaka kwenye swichi ya ufunguo, unageuza tena unarudi nyuma kwenye injini. Waya una umri wa miaka zaidi ya 50, viungio vina kutu ya kijani, swichi yenyewe imechoka. Nilipima kwa multimita kabla sijafunga chochote, betri ilikuwa 12.6, ufunguo ukiwa umefunguliwa na pointi zimefunga nikapata 10.8 kwenye koili. Karibu volti mbili zimepotea njiani! Pointi hazijali sana hilo, cheche inakuwa dhaifu kidogo tu na gari linaenda. Moduli inajali. Stata ikianza kuvuta umeme ndo unashuka zaidi, moduli inakosa nguvu ya kufanya kazi, unazungusha weee injini haiwaki, ukiachia ufunguo ndo inadaka. Mtu anasema moduli mbovu anairudisha dukani.

Kwa hiyo kabla ya moduli niliweka rilei (swichi inayoamshwa na umeme mdogo). Waya mpya mnene kutoka betri, fyuzi, rilei, mpaka kwenye koili, na ule waya wa zamani wa swichi sasa kazi yake ni kuamsha rilei tu. Baada ya hapo nikapima tena, kwenye koili inasoma karibu sawa na betri. Kusema ukweli sehemu ya uzuri wote ninaousifia huku chini inawezekana ni ya rilei na si ya moduli, na mwenye pointi zake akiweka rilei peke yake ataona tofauti.

Haya, matokeo. Kuwaka asubuhi ni mara moja, sikanyagi kanyagi mafuta tena. Sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) imetulia, haipandi haishuki. Ila kilichonifurahisha kuliko vyote ni taimingi laiti (taa ya kuangalizia taimingi kwenye puli): na pointi, alama kwenye puli ilikuwa inacheza cheza kwa sababu shafti ya distributa ina uchovu kidogo, na shafti ikiyumba nafasi ya pointi inabadilika kutoka silinda hii hadi ile. Na moduli alama imesimama imeganda pale pale. Kwa 009 niliset kwa mzunguko mkubwa, juu ya 3,000, nikaiweka 30, maana inayotakiwa ni kati ya digrii 28 na 32, na mpaka sasa kila nikiangalia iko pale.

Nguvu? Hamna. Anayewaambia gari litaongezeka nguvu anawauzia maneno. Pointi zilizosetiwa vizuri na moduli, kwenye injini ya kawaida kama hii, dereva hawezi kuzitofautisha barabarani. Mafuta nayo sijaona tofauti ya kuandikia nyumbani. Na lile tatizo la 009 la kusita ukikanyaga ghafla liko pale pale halijaenda popote, kwa sababu 009 haina vakumu (kifaa kinachowahisha cheche kwa mvuto wa hewa wa injini), inategemea vyuma vya ndani vinavyotanuka kwa mzunguko tu, sasa moduli itaongeza vipi kitu ambacho distributa haina? Nimeona watu wananunua hizi seti kwa ajili ya kuondoa huko kusita, wataishia kuilaumu bure.

Kwenye kundi letu kuna mzee mmoja ana Morris Minor, huyu habari za elektroniki hataki kuzisikia kabisa. Gari lake lina chanya kwenye bodi badala ya hasi, kwa hiyo hata seti kama yangu haimfai, angehitaji iliyotengenezwa maalum, lakini sababu yake sio hiyo. Nilipomuonyesha kazi yangu akaangalia ndani ya distributa muda mrefu, akaniambia, "Kijana, pointi zikitaka kufa zinakuaga. Hiyo yako itaondoka bila kuaga." Nikamwambia shikamoo mzee nimekusikia, watu wakacheka, lakini yuko sahihi mia kwa mia. Pointi zikichoka gari linaanza kusumbua mapema, unazipiga msasa kidogo au hata tupa ya kucha barabarani unafika nyumbani. Moduli ikifa imekufa, huna cha kupiga msasa. Ndo maana pointi zangu za zamani na kondensa moja ya uhakika ziko kwenye boksi la spana pamoja na skrubu yake na fila geji, na yoyote anayeweka elektroniki asitupe vyake.

Kitu kingine kinachoua hizi moduli ni kuacha ufunguo wazi injini ikiwa imezimwa, labda unasikiliza redio au unapima pima umeme. Baadhi za kisasa zinajikata zenyewe, nyingi za bei nafuu hazijikati. Redio yangu nimeiunganisha njia nyingine isipite huko.

Malalamiko yangu kwa watengenezaji sasa. Karatasi ya maelekezo ni ya aibu, mchoro mdogo unahitaji lenzi, na hakuna mahali wameandika koili inatakiwa iwe na ukinzani kiasi gani. Yangu ni ya ohm 3 na kidogo iko sawa, lakini jamaa mmoja aliweka kwenye koili ya ohm 1.5 bila rezista yake (ya kupunguza umeme), moduli ikapitisha umeme mwingi kuliko inavyoweza na haikumaliza hata wikendi. Pimeni koili zenu, multimita ni kitu cha dakika mbili. Pia waya za plagi za shaba tupu zisizo na ukinzani zinaisumbua moduli, hilo nalo halijaandikwa. Na waya zao ni fupi mno, kwangu zilifika kwenye koili kwa kuvuta, nikaziongeza, maana waya uliokazwa kwenye injini inayotikisika utakatika tu.

Wa kuweka ni nani basi? Kama unaliendesha gari mara kwa mara na safari ndefu, weka, mimi naipa nyota nne kati ya tano. Kama gari lako ni la maonyesho ambapo majaji wanahesabu mpaka rangi ya waya, acha, japo ukifunga kofia kinachoonekana ni waya mbili tu pale palipokuwa na mmoja. Beetle za 6 volti zinahitaji seti yake, msichukue ya 12 mkidhani itaingia. Na kama injini yako inamisi sasa hivi na hujui kwa nini, tafuta kwanza tatizo ukiwa na pointi, ukibadilisha vitu vitano kwa mkupuo hutajua kipi kilikuwa kibovu.

Ile nyota ya tano nimeinyima kwa sababu nyingine pia. Nimepata distributa ya zamani yenye vakumu, nimeifungua, nimeiosha, niko kwenye kubadilisha bushi zake ili niachane na 009 na ule ujinga wa kusita. Nikajaribu kuhamishia moduli humo, haiingii, sahani ya ndani ni tofauti na wanauza moduli nyingine kwa kila aina ya distributa. Kwa hiyo hii nayoijenga itaanza maisha na pointi, na hivi tunavyoongea natafuta kondensa ya zamani ambayo bado nzima.