Gesti za Mtwara na Lindi kwa mwanamke anayesafiri peke yake: pa kulala na pa kupita tu

Tuanze na neno lenyewe. Ukimwambia dereva wa bajaji wa Mtwara akupeleke "hosteli", usishangae akikushusha kwenye mabweni ya wanachuo. Hosteli za wasafiri, zile za vitanda vingi katika chumba kimoja na jiko la pamoja, huku Kusini si jambo la kawaida. Kinachopatikana ni gesti, loji, nyumba za wageni za makanisa na hoteli chache. Unachotafuta basi ni gesti inayoweza kufanya kazi ya hosteli: ulale bila wasiwasi, na jioni upate watu wa kupiga nao soga. Mambo hayo mawili hayakai sana chini ya paa moja, na anayelazimisha yakae hujikuta analala juu ya baa.

Kipimo cha kwanza ni mapokezi ya usiku, kabla hata hujaoneshwa chumba. Uliza nani anashika mapokezi baada ya saa nne, kama analala palepale, geti linafungwa saa ngapi na funguo za akiba anakaa nazo nani. Mhudumu wa gesti nzuri hujibu mara moja, tena kwa kujisifu. Ukisikia "we dada usijali, hapa salama tu" bila jibu lingine, endelea na safari. Halafu sikiliza anavyokupokea. Akikuuliza "unapumzika au unalala?" umeshajua: hiyo ni nyumba inayokodisha kwa saa. Ubaya wake hauishii kwenye kelele. Watu huingia na kutoka hadi alfajiri, funguo zimepita mikono isiyohesabika, na mwanamke aliye peke yake huchukuliwa kuwa anangoja mtu, kwa hiyo milango itagongwa.

Chumbani, fanya ukaguzi kabla ya kulipa. Funga mlango kwa ndani, zungusha funguo nusu na uiache humohumo. Kwa vitasa vingi vya gesti, funguo ya nje haitaingia. Kitasa kikilegea au komeo la ndani likiwa limeng'olewa (utaona matundu ya skrubu), omba chumba kingine. Kabari ya mpira chini ya mlango husaidia. Ya mbao huteleza kwenye vigae. Dirisha liwe na nondo. Vioo vya luva vinavyotazama koridoni ni vibaya kuliko vinavyotazama nje, maana kipande kimoja huchomoka kwa mkono, na mkono huohuo unafika kwenye komeo. Chumba cha ghorofa ya kwanza kilicho katikati ya koridoni ni bora kuliko cha chini kilicho mwisho, hata kama cha chini kina kiyoyozi.

Chandarua kitazame ukikinyanyua kuelekea mwangaza. Mtwara na Lindi ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na tundu la ukubwa wa kidole linatosha kukuharibia wiki. Feni iwashwe mpaka mwisho usikie inavyolia. Bomba lifunguliwe: ndoo iliyojaa maji bafuni ni dalili kwamba maji hukatika, ila pia ni dalili ya mhudumu mwenye akili. Kuhusu umeme, uliza kama kuna jenereta na kama inafika vyumbani au inaishia kwenye friji ya soda. Gesi ya Mnazi Bay, inayochimbwa hukuhuku Mtwara, inakwenda Dar kwa bomba lililokamilika 2015, lakini mgeni wa Mtwara bado anashauriwa atembee na tochi.

Kitabu cha wageni kinastahili maneno zaidi, kwa sababu ndicho tundu lisilozibwa na komeo. Utaandika jina, namba ya kitambulisho, ulikotoka, unakokwenda na simu, kando yake chumba. Kisha kitabu hubaki wazi mezani, na anayekuja nyuma yako anasoma yote. Hivyo ndivyo simu za "mambo mrembo" zinavyoanza saa tano usiku. Kitambulisho toa bila ubishi, ni utaratibu. Kwenye simu andika laini yako ya pili, na umwombe mhudumu afunge kitabu. Mwombe pia asitaje namba ya chumba kwa sauti mbele za watu. Wanawake wengi hufundishwa kusema "mume wangu anakuja". Huzaa maswali: atafika saa ngapi, mbona umechukua kitanda kimoja? "Nimekuja kikazi, kuna wenzangu mjini" hufunga mazungumzo vizuri zaidi. Hodi ya usiku isifunguliwe. Piga simu mapokezi, kwa hiyo namba hiyo iwe kwenye simu yako tangu mchana. Polisi wakija na msako wa nyumba za wageni, ongea nao mlango ukiwa umefungwa mpaka mhudumu unayemjua asimame nao, kisha toa kitambulisho. Namba ya dharura ni 112, na vituo vikubwa vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto.

Sasa wapi.

Mtwara mjini, gesti za karibu na soko ni za usiku mmoja wa safari. Chakula kipo hatua chache, bajaji hazikauki, na ukichelewa kufika utakuta watu barabarani. Baa nazo zipo. Tafuta iliyo mtaa wa pili kutoka barabara kuu, uani kukiwa na familia inayoishi. Chumba cha feni mara nyingi hakizidi 30,000. Choo na bafu ndani pamoja na kiyoyozi hupandisha bei. Chai ya asubuhi kwa kawaida imo humo, chapati au mkate na yai, lakini uliza.

Shangani, upande wa bahari, ni kuzuri na kumetulia, na hapo ndipo wageni wanapojichanganya. Mji huu ulipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, mradi ukafa, zikabaki barabara pana na nyumba zilizoachana. Mchana upepo unapita raha. Usiku nafasi hiyohiyo inakuwa kiza kirefu kisicho na mtu wa kumwita. Ukikaa Shangani, panga bajaji ya kukurudisha. Usitembee hata kama ni "hapo tu".

Kwa mwenye kutaka watu, Mikindani inashinda. Ni kama kilomita 10 kutoka mjini kwa daladala, mji wa kale kando ya ghuba, na jengo lake linalojulikana zaidi ni Boma la Wajerumani la 1895, lililokarabatiwa na kufanywa hoteli. Wapiga mbizi na watembezi hulala hapa, na nyumba za wageni zina meza ndefu na kibaraza, kwa hiyo huhitaji ujasiri wa kumwanza mtu: mnangojea samaki yuleyule, mazungumzo yanajileta. Kasoro yake ni vichochoro visivyo na taa, na daladala zinazopungua giza likiingia. Fika kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mikindani ni mji wa Waislamu wenye kujistiri, na kanga begani hufanya kazi kubwa kuliko maelezo yoyote. Ramadhani, uliza mapema kama kuna chakula cha mchana, la sivyo nunua ming'oko (viazi pori vya huku, huliwa vikichemshwa) na korosho ujikimu.

Lindi mjini ni salama na ni pakimya, kupita kiasi kwa anayetafuta wenzake. Baada ya saa tatu usiku mji umelala. Nyumba za makanisa ndizo za kwanza kuulizia hapa kama usingizi ndio hoja. Pombe hakuna na geti hufungwa mapema, kwa hiyo usitegemee kurudi usiku. Ukitaka soga, ingoje Kilwa Masoko, mkoa huohuo: wanaokwenda kuona magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyo kwenye orodha ya UNESCO tangu 1981, lazima wachukue kibali mjini kwanza, na gharama ya boti ni nafuu mkiwa wengi. Mwambie mhudumu jioni kwamba unatafuta wa kuchangia boti. Asubuhi utakuwa na kundi.

Tahadhari ya msimu: kuanzia Oktoba minada ya korosho inapoanza, wanunuzi na madereva wa malori hujaza gesti, bei hupanda na chumba ulichoahidiwa kwa simu hupewa aliyefika na fedha mkononi. Tuma malipo ya usiku mmoja, si zaidi, na uhifadhi ujumbe wa muamala. Mabasi ya mchana kutoka Dar huondoka alfajiri na kuingia Mtwara jioni mambo yakienda sawa. Mvua za masika huharibu hesabu hiyo, kama ilivyokuwa Mei 2024 barabara ilipokatika upande wa Kilwa. Basi likionekana litaingia usiku, pigia gesti ukiwa bado njiani, waulize nani atafungua geti.

Na siku ya kuondoka, lipa usiku uliotangulia. Mwombe mlinzi akuitie bajaji ya mtu anayemfahamu, usimame ndani ya geti mpaka ifike, kwa sababu saa kumi na moja alfajiri barabarani hakuna mwingine ila wewe na begi lako.